Sanduku la Majaribio ya Asidi, Besi na Chumvi Baada ya Muhula Mmoja

Sanduku lenyewe ni la plastiki ya kijivu, ukubwa wake ni kama nusu ya tranka la mwanafunzi wa bweni, na juu ya kifuniko imebandikwa karatasi inayosema kwamba vilivyomo vinatosha kufundishia mada yote ya asidi, besi na chumvi kwa kikundi cha wanafunzi sita. Nililinunua Kariakoo kwa shilingi 240,000, fedha zilizochangwa na wazazi wa shule yetu ya kata iliyopo pwani ya mkoa wa Tanga. Wazazi hao waliniuliza mwishoni mwa muhula kama fedha yao ilikwenda mahali panapostahili, nikawaandikia tathmini fupi. Hii hapa ni tathmini hiyohiyo, nimeipanua ili iwafae pia walimu wengine wanaolikodolea macho sanduku la aina hii dukani bila kujua wafanyeje. Jina la duka na la mtengenezaji sitayataja, kwa sababu masanduku ya namna hii yapo mengi na yanafanana mno.

Ndani mna bureti moja ya sentimita za ujazo 50 (mrija mrefu wenye vijistari vya kupimia na koki chini), pipeti ya sentimita za ujazo 25 (mrija wa kuvutia kiasi kimoja kamili cha kimiminika), flaski tatu, stendi na kishikizo chake, neli za majaribio kumi na mbili, faneli, karatasi za kuchujia, litmasi nyekundu na ya buluu, karatasi za kiashiria cha jumla, vichupa vya viashiria viwili vinavyobadili rangi katika asidi au besi, yaani fenolfthalini na methili ya chungwa, asidi haidrokloriki na asidi salfuriki ambazo zote zimekwisha kuzimuliwa, vidonge vya sodiamu haidroksaidi, unga mweusi wa oksaidi ya shaba, utepe wa magnesiamu, vipande vya marumaru, na kijitabu cha maelekezo. Miwani ya kukinga macho ni moja. Sanduku la wanafunzi sita lina miwani moja, na hilo nalisema mapema kwa kuwa lilinikera tangu siku ya kwanza na linaendelea kunikera hadi leo.

Nianze na vyombo vya kioo, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyonifanya nisijutie safari ya kwenda Dar es Salaam. Bureti ya bei nafuu huwa na ugonjwa mmoja unaojulikana na kila mwalimu wa kemia: koki yake huvuja, kwa hiyo mwanafunzi anasoma namba moja, anageuka kuandika, na akirudi namba imeshuka bila yeye kugusa kitu. Hii niliijaza maji saa kumi jioni nikaiacha juu ya stendi hadi asubuhi, na nilipokuja kuitazama maji yalikuwa yameshuka kwa chini ya kijistari kimoja kidogo. Koki ni ya plastiki nyeupe, inazunguka kwa ulaini, na inamruhusu mwanafunzi asiye na uzoefu kudondosha tone moja na kusimama hapo, au hata kulifanya nusu tone lining'inie kwenye ncha ili alifute kwa ukingo wa flaski. Pipeti nayo niliipima kwa mizani. Maji yaliyotoka humo yalikuwa na uzito wa gramu 24.91, na kwa kuwa katika joto la chumba chetu sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito unaopungua kidogo tu chini ya gramu moja, pipeti hiyo inasema kweli. Kama ningetakiwa kununua vyombo hivi kimoja kimoja kwenye duka la vifaa vya maabara, ningelipa zaidi ya nusu ya bei ya sanduku zima.

Asidi haidrokloriki nayo ilikuwa ya uaminifu. Lebo inasema ina moli moja kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu), nami kwa tabia ya ualimu sikuiamini lebo. Nilichukua sodiamu kaboneti safi iliyokuwa imebaki katika kabati la shule, nikaikausha kwa moto mpole, nikaiacha ipoe ikiwa imefunikwa, kisha nikapima gramu 1.33 na kuiyeyusha hadi kufika sentimita za ujazo 250. Asidi niliizimua mara kumi. Kwa hesabu, sentimita za ujazo 25 za myeyusho wa kaboneti zilipaswa kumaliza sentimita 25.1 za asidi hiyo, nami nilipata 25.1 mara mbili na 25.0 mara moja. Hapo niliridhika kwamba aliyejaza chupa ile alijua anachokifanya.

Mambo yaliharibika nilipofungua chupa ya sodiamu haidroksaidi. Vidonge vyake vinapaswa kuwa vikavu, vyeupe, vinavyogongana kama punje za mahindi makavu ukitikisa chupa. Vya kwetu vilikuwa vimeshikana donge moja, vya juu vimelowa na kung'aa kana kwamba vimepakwa mafuta, na pembeni mwa kifuniko palikuwa na ukoko mweupe unaopukutika. Walimu wenzangu wanajua maana yake, lakini kwa msomaji ambaye si mwalimu ni vema nieleze. Sodiamu haidroksaidi, ambayo watengenezaji wa sabuni mitaani huiita kostiki, ina uchu wa maji: ukiiacha wazi huvuta unyevu wa hewani hadi inajiyeyusha yenyewe, na hapa pwani unyevu hauhitaji kutafutwa. Ikishalowa, hunyonya pia kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na sehemu yake hugeuka kuwa sodiamu kaboneti. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa kwamba ndani mna besi moja kali, kwa kweli ndani yake mna vitu vitatu: besi yenyewe, kaboneti na maji. Kifuniko cha chupa hiyo hakikuwa na ule mpira wa ndani unaoziba hewa. Kasoro ni ya shilingi mia mbili, na imeiharibu kemikali ambayo nusu ya majaribio ya sanduku inaitegemea.

Ningeweza kuishia hapo nikalalamika, ila niliona ni afadhali wanafunzi wa kidato cha nne waipime kasoro yenyewe. Tulipima gramu 1.00 ya vile vidonge vilivyolowa, tukaiyeyusha hadi sentimita za ujazo 250, tukavuta sentimita 25 kwa pipeti na kuziweka kwenye flaski. Kama vidonge vingekuwa safi, tungetumia sentimita 25.0 za asidi yetu ya moli 0.1 kwa lita. Tuliweka kwanza matone mawili ya fenolfthalini na flaski ikawa ya waridi iliyokolea, rangi inayowafanya wanafunzi wasogeze vichwa karibu bila kuambiwa. Binti aliyeshika koki alidondosha asidi huku mwenzake akizungusha flaski juu ya karatasi nyeupe, na kila tone lililoanguka lilichora doa lisilo na rangi likazamishwa na waridi. Ilipofika 20.3 waridi ikatoweka yote kwa pamoja.

"Mwalimu, mbona imeisha mapema?" aliuliza yule binti, akidhani amekosea yeye.

Nikamwambia asiguse kitu ila aongeze matone ya methili ya chungwa katika flaski ileile na aendelee. Myeyusho ukawa wa manjano, yaani kwa macho ya kiashiria hiki cha pili kazi ilikuwa haijakwisha, na rangi iligeuka kuelekea wekundu pale bureti iliposoma 21.4. Tofauti ya sentimita 1.1 kati ya viashiria hivyo viwili ndiyo iliyofichua siri ya chupa. Kaboneti hubatilishwa na asidi, yaani nguvu yake ya besi humalizwa, kwa hatua mbili: kwanza hugeuka bikaboneti, na hapo fenolfthalini tayari imeshapoteza rangi, kisha bikaboneti nayo hugeuka kuwa maji na kaboni dayoksaidi, na hapo ndipo methili ya chungwa hubadilika. Zile sentimita 1.1 ni hatua ya pili ya kaboneti peke yake, kwa hiyo hatua zote mbili zimekula 2.2, na asidi iliyobaki, sentimita 19.2, ndiyo iliyobatilisha sodiamu haidroksaidi halisi. Ukizirudisha namba hizo kwenye uzito unapata kwamba katika kila gramu mia za vidonge vile, besi yenyewe ilikuwa kama gramu 77, kaboneti kama gramu 12, na zilizobaki kama 11 ni maji. Nimelipia vidonge, nikauziwa karibu robo yake hewa na unyevu.

Kwa mwalimu mwenye haraka, au asiyekuwa na sodiamu kaboneti safi ya kuhakikishia ukali wa asidi yake, kasoro hii ni mtego. Wanafunzi wake watapata majibu yaliyopungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kila kumi, atawalaumu kwa uzembe wa mikono, na mikono haina kosa. Ushauri wangu kwa atakayelinunua sanduku hili ni kwamba afungue chupa ya vidonge papo hapo dukani, mbele ya muuzaji, na aitikise asikie kama inalia.

Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo hilo silihesabu kuwa kosa. Kosa ni yaliyoandikwa. Katika ukurasa wa kuzimua asidi, msomaji anaagizwa aweke asidi kwenye bika kisha aongeze maji. Ni kweli kwamba asidi zilizomo sandukuni ni nyepesi na kwa hizo hakuna madhara makubwa yatakayotokea, lakini mkono ukishazoea utaratibu huo, siku utakapokutana na asidi salfuriki nzito utaurudia. Maji yakimwagwa juu ya asidi nzito huelea juu yake, joto kubwa huzaliwa pale yanapokutana, maji huchemka ghafla na kurusha asidi usoni mwa mtu. Asidi ndiyo huingizwa majini, polepole, huku ukikoroga. Nimeukata ukurasa huo kwa wembe na kubandika wa kwangu, na sioni aibu kukiri kwamba nimeharibu mali ya shule.

Upande wa nadharia, kijitabu kinasema asidi ni kitu kinachotoa aioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidrojeni majini, na besi ni kitu kinachotoa aioni za haidroksaidi, kisha kinanyamaza. Huo ni mwanzo mzuri, na ni wazo la Msweden Svante Arrhenius, aliyeliweka katika tasnifu yake ya mwaka 1884, wasahihishaji wakampa alama ya chini, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wanafunzi hukipenda kisa hicho kwa sababu zilizo wazi. Tatizo ni amonia. Amonia haina haidroksaidi ndani yake ya kutoa, lakini ukiiyeyusha katika maji litmasi nyekundu inakuwa buluu, na mwanafunzi mwerevu atauliza haidroksaidi imetoka wapi. Jibu lilitolewa mwaka 1923 na Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake: asidi ni mtoaji wa protoni, yaani ile aioni ya haidrojeni, na besi ni mpokeaji. Amonia huyanyang'anya maji protoni, na maji yanabaki kuwa haidroksaidi. Aya moja ingetosha kueleza hayo, na nafasi ilikuwepo, maana ukurasa mzima wa mwisho wa kijitabu umetumika kutangaza masanduku mengine.

Kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi, kimeelezwa vibaya zaidi. Mchoro wa rangi kutoka 0 hadi 14 upo, ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo msomaji anaweza kuondoka akiamini kwamba maji ya ndimu yenye pH 2 ni makali mara mbili tu kuliko juisi ya nyanya yenye pH 4, wakati ukweli ni mara mia. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen alipokuwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, ambako walihitaji kujua uchachu kwa namba badala ya ulimi. Nilipolisema hilo darasani, kijana mmoja ambaye bibi yake hutengeneza mnazi alisema ulimi wa bibi haujawahi kukosea, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kuhusu karatasi za kiashiria cha jumla nilikaribia kumdhulumu muuzaji. Tulizichovya katika maji ya betri, yale yasiyo na madini yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta (na mwalimu asome lebo vizuri, kwa kuwa kuna watu huiita maji hata tindikali ya betri yenyewe), na badala ya kijani cha 7 tukapata manjano inayoelekea 6. Darasa zima likatangaza kwamba karatasi zimeoza kwa unyevu kama vidonge. Nikachemsha maji hayo kwa dakika kadhaa, nikayapoza kwenye flaski iliyozibwa, tukachovya tena, na rangi ikasogea kuelekea kijani. Maji yaliyokaa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi na kutengeneza asidi ya kaboni kidogo. Karatasi zilikuwa sahihi na sisi ndio tuliokuwa na haraka. Ninachoweza kulalamikia ni kadi ya rangi ya kulinganishia, ambayo uchapaji wake ni hafifu kiasi kwamba 8, 9 na 10 zinafanana kama sare tatu zilizofuliwa kwa miaka tofauti.

Karatasi hizo zikiisha, na zitaisha haraka, usihangaike kuagiza nyingine kwa mada za mwanzo. Rozela iliyokaushwa, ile ya kutengenezea juisi, ukiichemsha inatoa maji mekundu yanayobaki mekundu katika ndimu na kugeuka kijani katika magadi. Binzari ya manjano iliyoloweshwa katika spiriti hubaki ya manjano katika siki na kuwa nyekundu yenye udongo katika sabuni. Yeyote aliyewahi kufua shati jeupe lililomwagikiwa mchuzi amekiona kiashiria hiki kikifanya kazi: doa la manjano hugeuka jekundu mara sabuni inapoligusa, na ukisuuza vizuri linarudi manjano. Wanafunzi wangu walilijua doa hilo tangu utotoni.

Sehemu ya chumvi ndiyo iliyonifurahisha na kuniudhi kwa kiwango kimoja. Jaribio la kutengeneza salfeti ya shaba ni zuri na vifaa vyake vimekamilika. Unapasha moto asidi salfuriki nyepesi, unaongeza unga mweusi wa oksaidi ya shaba kijiko kwa kijiko hadi ukatae kuyeyuka, ishara ya kwamba asidi imekwisha, kisha unachuja. Kilichopita kwenye karatasi ni kimiminika cha buluu iliyoiva. Tulikipunguza kwa moto, tukakiweka dirishani kimefunikwa kwa karatasi yenye matundu, na siku ya tatu tukakuta fuwele za buluu zenye kingo kali, kubwa kabisa ikiwa sawa na punje ya mchele. Mtoto wa mkulima mmoja aliitazama akasema, "Mwalimu, huu si mrututu?" Ndiyo, ni mrututu, ule ule ambao wakulima huuchanganya na chokaa kupulizia mimea dhidi ya ukungu. Kijitabu hakina habari nao.

Neno hilo lilinipa wazo la kulisahihisha kosa kubwa kuliko yote la kijitabu, sentensi inayosema kwamba asidi na besi zinapokutana hutoa chumvi na maji, na kwamba "chumvi hizo si asidi wala besi". Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili ni kweli kwa chumvi ya mezani na baadhi ya nyingine tu. Kiswahili kina majina ya zamani ya chumvi kadhaa ambazo watu wamezitumia kwa kazi mbalimbali bila kuziita chumvi, nikawatuma wanafunzi wazikusanye. Walirudi na shabu, ile inayotumika kutulizia maji yenye tope na kupaka kidevu baada ya kunyoa. Na magadi ya kulainishia maharage. Mrututu tulikuwa nao tayari. Na shura niliipata kwa mwalimu wa kilimo, maana siku hizi hutumika kama mbolea. Tuliyeyusha kila moja katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na chumvi ya mezani, tukachovya karatasi. Chumvi ya mezani na shura zilikaa karibu na 7. Mrututu ulionyesha kama 4, shabu ikawa chini yake kidogo, na magadi yakaruka hadi 10.

Darasa lilinyamaza kwanza. Kwa nini chumvi iwe na uchachu? Nikawaeleza kwa njia ninayoitumia siku zote, kwamba chumvi ina wazazi wawili na humfuata mwenye nguvu. Chumvi ya mezani imezaliwa na asidi haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi, wote wenye nguvu, hakuna aliyemshinda mwenzake. Shabu na mrututu baba yao ni asidi salfuriki, mwenye nguvu, na mama zao ni haidroksaidi za aluminiamu na shaba, wanyonge, hivyo watoto wakaegemea uchachu. Magadi yametokana na sodiamu haidroksaidi yenye nguvu na asidi ya kaboni ambayo ni dhaifu kiasi kwamba haiwezi hata kukaa ndani ya chupa ya soda iliyofunguliwa, hivyo yakaegemea upande wa besi. Ndiyo sababu maji ya Ziwa Natron, yaliyojaa chumvi za jamii ya magadi, huunguza ngozi ingawa hakuna mtu aliyemwaga kostiki humo. Mtengenezaji wa sanduku angeweza kuweka vifuko vinne vidogo vya chumvi hizi kwa gharama isiyozidi ya ile miwani ya pili aliyotunyima.

Pana upungufu mwingine usioeleweka. Vipande vya marumaru vimo, asidi ya kuvimwagia imo, na povu la kaboni dayoksaidi linatoka kama kijitabu kinavyoahidi, lakini maji ya chokaa ya kuitambulisha gesi hiyo hayamo. Sisi watu wa pwani hatukukwama. Mababu wa eneo hili walichoma matumbawe katika tanuu za kuni, wakapata chokaa ya kujengea, na mfuko wa chokaa ya kupaka ukutani bado unapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Koroga vijiko vichache katika ndoo ya maji, acha itulie usiku kucha, asubuhi chota maji maangavu ya juu. Chokaa huyeyuka kwa uchache sana, hata gramu mbili hazifiki katika lita, lakini hizo zinatosha kuyafanya maji yawe meupe kama tui ukipulizia pumzi kwa mrija. Ukizidi kupuliza weupe unatoweka, na hilo pia kijitabu hakikulisema.

Utepe wa magnesiamu ni mzuri, unatosha. Chupa ya fenolfthalini ilikuja imevuja kidogo.

Jambo la usalama linahitaji maneno machache kwa wazazi, maana ndio walionipa fedha. Mzazi mmoja alikuja shuleni akiwa na wasiwasi kwamba tunawapa watoto tindikali, na simlaumu, kwa kuwa neno hilo katika magazeti huandamana na habari za watu waliomwagiwa na kuharibiwa nyuso. Darasani tunasema asidi, mtaani tunasema tindikali, na ni kitu kilekile kwa viwango tofauti: siki ni tindikali, maziwa mgando yana tindikali, na tumbo la mzazi huyo lilikuwa linatengeneza asidi haidrokloriki wakati tukizungumza. Zilizomo sandukuni ni nyepesi. Kinachostahili hofu zaidi katika sanduku hili ni vile vidonge vya besi, ambavyo haviumi haraka kama asidi, huteleza tu kidoleni kama sabuni kwa sababu vinageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni kweli, na vikiingia jichoni ni hatari kuliko asidi nyingi. Kwa hiyo nilinunua miwani mitano mingine kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ndoo ya maji safi ikakaa kando ya meza kila kipindi, na gharama hiyo naomba ihesabiwe katika bei ya sanduku.

Nilimpigia simu muuzaji kuhusu chupa ya vidonge. Alikuwa mstaarabu, hakubisha, akasema, "Pole sana mwalimu, ilete tu tukubadilishie." Nauli ya kwenda na kurudi ingenunua chupa tatu kama ile, na nilipomwomba aitume kwa basi alisema kampuni haziruhusu kupakia kostiki, jambo ambalo nadhani ni la busara. Tukakubaliana kwamba nikipita Dar es Salaam likizoni nitaichukua.

Kwa bei ile, ningelinunua tena kwa ajili ya bureti, pipeti, stendi na zile asidi mbili. Vidonge ningevinunua kando kwa wauzaji wa malighafi za sabuni, katika chupa ninayoweza kuifunga mwenyewe, na kijitabu ningewaachia dukani. Shule iliyo na vyombo vya kioo tayari haina sababu ya kulinunua, kwa kuwa kilichobaki kinapatikana sokoni kwa chini ya shilingi elfu thelathini.

Ile chupa ya vidonge vilivyolowa sikuitupa. Nimeifunga kwa nailoni na mpira, nikaibandika lebo mpya yenye namba tatu, 77, 12 na 11, pamoja na tarehe tuliyopima, na mwezi uliofuata kidato cha nne walipoipima tena namba ya kaboneti ilikuwa imefika 15.